Usiiombe Barabara Radhi

Canora, Saskatchewan
12 Februari 1996

Stefka mdogo wangu,

Hakuna kitu chenye magurudumu kilichowahi kunishinda. Gari-nyumba kama hilo lenu nimeliendesha, tena kubwa zaidi, lenye vitanda, choo na jiko, kutoka Yorkton mpaka milimani na kurudi. Mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye kikombe cha kahawa, na kahawa haikumwagika.

Haya, ilimwagika. Haya basi, sikufika milimani. Ukweli ni kwamba nilikaa kwenye kiti cha dereva cha gari la namna hiyo pale kwenye maonyesho ya Yorkton, injini imezimwa. Nikapiga honi kuwatisha wanawake wa kanisa waliokuwa wakiuza pyrohy, vile viandazi vyetu vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na mmoja akadondosha sinia. Kijana mwenye tai akaniomba nishuke. Lakini nilikaa vizuri, Stefka. Walioniona walisema mzee yule kazaliwa humo humo.

Barua yako nimeipata. Pole tena kwa msiba. Arvid nilimsema sana alipokuwa hai na nitaendelea kumsema. Shemeji asiyesemwa ndiye aliyekufa kweli.

Umeniomba nipande basi nije huko Yuma, nikuendeshee hilo jengo mpaka nyumbani. Siwezi. Ng'ombe wanazaa mwezi huu, goti la kushoto limegoma, na kuku hawamwamini mtu mwingine. Na usinipigie simu kunibembeleza. Unajua mimi na simu: wewe utasema "Arizona", mimi nitasikia mluzi, tutamaliza tumegombana.

Lakini kukuacha hivi hivi siwezi. Umesema binti yako Darlene na mumewe Garth wanakuja mwisho wa Aprili, wauze gari, wakupeleke Regina ukakae kwenye chumba cha chini ya nyumba yao. Darlene ni mtoto mwema. Huruma yake ni kama mafuriko, haiulizi kama unajua kuogelea. Sasa sikiliza. Ukiweza kuliendesha hilo gari mwenyewe kabla hawajafika, hawatakuwa na la kusema. Ukishindwa, utabaki kutazama viatu vya wapita njia dirishani mpaka tukuzike. Kwa hiyo utajifunza, na mimi nitakufundisha kwa barua. Shule iliniacha darasa la sita, lakini usukani haujali darasa.

Wewe si mgeni wa usukani. Uliendesha lori la ngano la Baba ukiwa na miaka kumi na mitatu, umekalia mto ili uone nje. Na kabla ya hapo, ule msimu wa baridi ulipovunjika mguu, nani alikuburuza kwenda shule kwenye kigari cha mbao cha kutelezea juu ya theluji? Mimi. Wewe umenipa mgongo, mguu wa plasta umeunyoosha, unanipa amri za njia usiyoiona. "Kushoto, Nestor. Kulia, Nestor." Ulikuwa mzito tangu enzi hizo.

Somo la kwanza. Kaa, rekebisha vioo vyote viwili mpaka uone ubavu wa gari na ardhi iliyo karibu nalo. Washa. Nenda mbele polepole. Mkia usiujali; mkia hufuata kichwa, hata kwa ng'ombe.

Kaka yako mwenye akili,
Nestor


Yuma, Arizona
23 Februari 1996

Kaka Nestor,

Ng'ombe uliwauza mwaka juzi, baada ya mavuno. Mimi ndiye niliyeshika lango wakipanda lori, na mmoja alinikanyaga. Tafuta uongo mwingine.

Ila asante kwa somo. Unajua Arvid hakuwahi kuniachia usukani. Hakuwa na ubaya wowote. Hakuniachia, na mimi sikuuomba. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha pembeni, kushika ramani, na kummiminia mbegu za alizeti kiganjani. Alitafuna, akatemea maganda kwenye kopo. Juzi nimelikuta kopo chini ya kiti chake, na maganda bado yamo. Sijalimwaga.

Nimejaribu. Siku ya kwanza niliwasha injini, nikaisikiliza ikinguruma, nikaizima. Siku ya pili nilifika mpaka kwenye gia, nikaenda kunywa chai. Siku ya tatu nikasema potelea mbali, nikaliondoa.

Hapa kambini, kwa wazee tuliokimbia baridi na magari-nyumba yetu, mtu akigusa usukani wa kitu kama hiki, majirani wote hutoa viti vya kukunja, kinywaji mkononi, wakapanga mstari kama wamekuja kutazama hoki. Ndiyo sinema yetu ya jioni. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye viti hivyo na nikacheka mpaka machozi. Sasa ni zamu yangu ya kuchekwa.

Na mkia, Nestor, haukufuata kichwa. Nilikata kushoto, na makalio ya gari yakaenda kulia kivyake, kama mlevi anayetoka arusini. Yakazoa meza ya Bwana Pruitt wa Nebraska pamoja na chupa yake ya maji ya sukari anayonyweshea ndege. Watu walipiga makofi. Bwana Pruitt akasimama pale na kiti chake mkononi akaniambia, "Mama, leo ilikuwa zamu yangu ya kucheka, ila kwa nini meza iwe yangu?"

Darlene ameandika. Garth ameanza kupaka rangi kile chumba, rangi ya maziwa, na ameniwekea taa kubwa kwa sababu dirisha ni dogo. Nimesoma barua ile nimesimama. Sikutaka kukaa nayo.

Kweli huwezi kuja? Hata wiki moja? Ningekaa pembeni nikuangalie unavyofanya, basi.

Na mwandiko wako umekuwa mkubwa mno, herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza. Unaandikia nini, ufagio?

Mdogo wako,
Stefka


Canora
5 Machi 1996

Stefka,

Ng'ombe niliokuwa nasema ni wa Wilf Kowaluk, jirani. Namsaidia. Nasimama karibu nao wanapozaa, nawatia moyo. Na kalamu ni nene. Dukani hazikuwepo nyembamba. Umeridhika, Bi. Mkaguzi?

Kuhusu mkia: kombaini huelekezwa na magurudumu ya nyuma, na mimi nimevuna ngano kwa kombaini tangu ujana wangu. Kwa hiyo kosa ni la kombaini, si langu. Mpe pole Bwana Pruitt. Mwambie ndege wanene namna ile hawaishi sana.

Sasa twende barabarani. Hutajifunza kwa kuzungukazunguka kambini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini barabarani ndipo watu wanapofia kwa kukosa adabu. Sisi tulilelewaje? Ukiwa na chombo kipana na mwenzio anakuja, mpishe. Baba alipeleka kombaini shambani nusu ya matairi yakiwa mtaroni, na kila aliyepishana naye alimwinulia kofia. Ukiona lori linakuja, punguza mwendo, peleka matairi ya kulia kwenye changarawe, inua kidole juu ya usukani umsalimie, mwache apite. Kisha rudi taratibu. Ukifanya hivyo hakuna atakayekusema, hapa wala huko.

Kuja siwezi. Goti.

Arvid alikuwa anaendesha polepole hivi kwamba nzi waliingia dirisha hili wakatokea lile bila haraka, lakini hakuwahi kugonga mtu. Nawe hutagonga.

Kaka yako,
Nestor


Yuma
18 Machi 1996

Kaka,

Naendelea vizuri. Hakuna la kusimulia. Jua kali, machungwa ni mengi sana.

Swali moja tu. Mtu akipisha kama ulivyosema, na kile alichodhani ni changarawe kisiwe changarawe, afanye nini? Ni jirani yangu anauliza.

Stefka


Canora
27 Machi 1996

Stefka,

Huyo jirani yako anaitwa nani? Alizaliwa Canora? Alikuwa mzito utotoni?

Mwambie asikate usukani ghafla. Aachie mafuta, ashike sawa, gari lipungue lenyewe, ndipo arudi kidogo kidogo. Na kama limeshazama, asilazimishe. Asubiri gari la kulivuta. Lakini nadhani jibu langu limechelewa. Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti ya dukani. Wewe ukinyamaza huwa umeumia. Ndivyo ulivyokuwa hata siku ulipovunjika mguu: uliniambia eti umeketi tu kwenye barafu kupumzika.

Sasa nitakuandikia jambo, usinikasirikie. Nimekaa nimefikiri. Labda Darlene ana haki. Gari lile lilikuwa la watu wawili, na wewe umebaki mmoja. Chumba chenye rangi ya maziwa si kaburi. Kina bomba la maji ya moto. Pengine mimi mzee mpumbavu nimekusukuma mahali pasipokufaa.

Niandikie ukweli, hata kwa mistari miwili.

Nestor


Yuma
6 Aprili 1996

Kaka Nestor,

Jirani ni mimi. Ulijua.

Nilikuwa kwenye ile barabara nyembamba ya kwenda Quartzsite, leni moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lori la saladi likaja. Nikafanya kama tulivyolelewa: nikapunguza mwendo, nikapeleka matairi ya kulia pembeni, nikainua kidole. Dereva wa lori naye akainua cha kwake, Mungu ambariki. Kumbe pembeni pale hapakuwa na changarawe. Ulikuwa mchanga laini kama unga wa kukandia pyrohy, na ukameza matairi mpaka nusu. Gari likainama. Kila kabati likafunguka kwa pamoja. Ule mtungi wa matango ya siki niliokuja nao kutoka nyumbani ukapasukia kitandani, na mpaka leo nalala nikinuka saladi.

Likaja gari la kunivuta. Dereva wake akaniangalia juu mpaka chini akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko makaburini, na kama ana haraka naye anaweza kumfuata. Sikujua kwamba nina mdomo huo. Huo ni wako.

Niliporudi kambini nilimwandikia Darlene waje tu, wauze. Nilikuwa natembea kuipeleka barua posta wakati Lupe Arvizu aliponisimamisha. Lupe anakaa safu yetu hii hii. Aliendesha basi la shule hapa Yuma mpaka akastaafu, na bado anaongea kama ana watoto sitini nyuma yake.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyelaza gari kwenye mchanga?"

"Ndiye."

"Nani alikufundisha kuendesha?"

"Kaka yangu. Kwa barua."

"Kwa barua. Na yeye alifundishwa na nani, na redio?"

Nikamwambia kwetu tunapishana, ndiyo adabu. Akaweka mikono kiunoni. "Nilikuwa nyuma yako siku ile, nimekuona. Unaendesha kama mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani. Kwenu mnapisha na mashine inayotembea mwendo wa kuku. Hapa uko kwenye mwendo wa barabara. Yule wa lori ana njia yake, wewe una yako, na mmechorewa mstari katikati ili msihitaji kuombana radhi. Ukimpa njia yako, umempa kitu ambacho hakukuomba, na wewe ulikuwa unakihitaji."

Barua ya Darlene nikaitia mfukoni. Bado imo.

Sasa kila Jumapili tunakwenda uwanja wa shule, ukiwa mtupu. Lupe hupanga ndoo. Amenifundisha kutazama mbali, kule barabara inakoelekea, nisitazame mstari ulio chini ya pua yangu. Ukitazama mbali, mikono inatulia yenyewe. Goti langu la kulia ndilo liwe katikati ya njia, basi gari zima limekaa sawa. Kwenye kona sigeuzi mpaka kiuno changu kipite pembe. "Kiuno kwanza, mama," anapiga kelele, "kiuno kwanza, mikono baadaye," na walinzi wa shule wanadhani tunajifunza kucheza dansi.

Na mkia nimeujua. Ukikata kushoto, tazama kioo cha kulia, huko ndiko mkia unakotokea. Si uchawi. Una urefu wake na tabia yake, kama mume. Ukishaijua, unauachia nafasi yake, na maisha yanaendelea.

Kidole cha salamu Lupe ameniruhusu, mradi kiganja kibaki kwenye usukani.

Sasa yako. Umeandika kwamba labda Darlene ana haki. Nestor, mchanga haukuniumiza kama mstari ule. Na huyo si wewe. Wewe hukuwahi kukubali kwamba mtu ana haki, hata padri. Nimeichukua barua nikaisoma tena, nikaona mistari yako inapanda mmoja juu ya mwingine. Nikatazama bahasha: anwani imeandikwa kwa mkono wa Wilf. Wilf anakuandikia anwani tangu lini?

Sikuulizi tena kuhusu ng'ombe. Nakuuliza kuhusu macho yako.

Mdogo wako,
Stefka


Canora
16 Aprili 1996

Stefka,

Umenishika mkia.

Ilikuwa Novemba. Daktari wa macho akaniambia nisome herufi zilizoko ukutani. Nikamuuliza, ukuta gani? Akadhani namtania. Nilikuwa namtania kidogo. Leseni ikaenda siku hiyo hiyo. Lori langu liko bandani, na kuku wamechagua kiti cha dereva kuwa pa kutagia. Mayai ya pale ni matamu, siwafukuzi.

Naona pembeni, ila katikati pana shimo. Nikikutazama usoni naona masikio tu. Kwa hiyo nikitaka kumwona mtu namtazama begani, kichwa upande, kama jogoo. Mjane wa Petryshyn anadhani namkonyeza. Sijamkatalia.

Wilf ndiye anayeniletea chakula, na ndiye anayenisomea barua zako. Zote. Ile ya ng'ombe ilibidi akae chini. Anakusalimu, na anasema amemhurumia Bwana Pruitt kwa moyo wote.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ulikuwa umetoka kumzika Arvid, ukanitaka nije, na kitu pekee ulichoniomba ndicho kitu pekee nisichoweza. Na kwa sababu chini ya nyumba ya Darlene kuna chumba cha pili, Stefka. Nimewahi kukiona. Humo wanaweka mashine ya kufulia, lakini mashine ya kufulia inahamishika, na Garth ana rangi iliyobaki.

Jambo la kupisha limenikaa kooni. Miezi ile ya mwisho kabla ya kunyang'anywa leseni, ndivyo nilivyokuwa nikiendesha: nusu mtaroni, nikimpisha kila anayekuja, hata asiyekuja. Sikuwa namwona. Nikaita adabu, halafu nikakufundisha wewe. Wewe macho yako ni mazima. Hukuwa na sababu ya kuendesha kama kipofu.

Msikilize Lupe. Mwambie nilifundishwa na redio, na betri zilikuwa zimekwisha.

Darlene anakuja wiki ijayo. Mimi sina la kukufundisha tena. Kaa katikati ya njia yako tu.

Nestor


Beaver, Utah
2 Mei 1996

Kaka yangu,

Tazama jina la mji hapo juu. Nimekuja mwenyewe.

Nianze na Darlene. Walipofika kambini hawakunikuta. Darlene alisimama mahali petu patupu, akadhani gari limeibwa na mama yake akiwa ndani. Mimi nilikuwa nimekwenda kujaza mafuta na maji, kwa makusudi, nisikutwe nimekaa nasubiri. Niliporudi, viti vilikuwa vimeshapangwa. Nadhani Lupe alipita kuwagongea milango. Bwana Pruitt alikuja na meza yake, ameipakata mapajani.

Lupe akasimama nyuma, mikono ameikunja, akakataa kunipa ishara hata moja. Nikaanza kurudi rivasi. Niliingia nusu, nikaona sijakaa sawa, nikatoka. Watu wakaguna. Zamani hapo ndipo ningezima injini nikalie chooni. Lakini Lupe kanifundisha kwamba kutoka na kuanza upya hakuvunji kitu. Kinachovunja vitu ni kuendelea huku unajua umekosea. Nikaanza upya, kiuno kwanza, jicho kwenye kioo cha pili, na nikaingia kama mkono unavyoingia kwenye glavu yake ya zamani. Meza ya Bwana Pruitt iko salama. Nadhani alisikitika kidogo.

Darlene akaja dirishani. "Mama, umejifunza lini haya?"

"Wakati Garth anapaka rangi."

Garth, maskini, akasema rangi si neno, chumba kitafaa kwa kuwekea matunda ya makopo.

Darlene alilia. Hakuwa na hasira, na wala hakuwa na furaha. Nadhani alikuwa amebeba wasiwasi huo mwezi mzima, sasa hakujua auweke wapi. Nikawaambia wapande, nikawapeleka kula. Njia nzima Garth alishikilia meza ya jikoni kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi alishika kwa mmoja. Tumekubaliana nimpigie Darlene simu kila ninapolala. Hilo nimelikubali, ni haki yake. Halafu, mwenyewe, mbele ya Lupe, nikaichana ile barua iliyokuwa mfukoni.

Upepo wa huku una nguvu. Jana ulinisukuma, na moyo wangu ukakimbilia pembeni, nikatamani kumpisha hata upepo. Nikatazama mbali. Goti katikati. Likanyooka. Malori yananipita na hakuna anayenidai njia yangu. Nainua kidole, wengine wanaitikia, wengine hawajui ni salamu.

Pale tulipozoea kusimama kula, mimi na Arvid, nimelimwaga lile kopo. Ndege walikuja kukagua wakaona ni maganda matupu, wakaniangalia vibaya. Kopo nimelisuuza, sasa liko chini ya kiti changu. Ila mbegu sili nikiwa njiani. Hakuna wa kunimiminia, na mimi siachii usukani.

Katikati ya mwezi nitakuwa Swift Current kwa wifi yangu, dadake Arvid. Niandikie kupitia posta ya pale, nitaipitia. Baada ya hapo nakuja kwako. Darlene anajua kuhusu macho yako. Nimemwambia mimi, na nimemwambia pia kwamba mashine ya kufulia ibaki ilipo.

Mdogo wako, dereva,
Stefka


Canora
11 Mei 1996

Stefka,

Barua hii nayo naiandika mwenyewe. Wilf amesimama nyuma yangu ananisahihisha, na mara mbili nimemtoa nje.

Aliponisomea ile ya Utah nilimwambia arudie pale pa rivasi. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Akasema ana ngano ya kupanda. Sasa amechoka na wewe, anasema Stefka huyu afike tu, apumzike kusomwa.

Matayarisho yamekamilika. Tawi la mpopla lililokuwa limelalia njia ya kuingilia limekatwa. Sanduku la barua limehamishwa upande wa pili. Na ukifika langoni, usije ukaipisha nguzo ya kushoto, ile ambayo Baba aligonga, mimi nikagonga, na Arvid akagonga siku ya arusi yenu akasema aliyegonga ni farasi. Nguzo itakupisha wewe. Wilf ameing'oa.

Utaegesha kwenye nyasi upande wa kusini, nje ya upepo. Kaa utakavyo. Mjane wa Petryshyn amekwisha kuuliza gari linafika lini, na nimemwahidi kiti cha kukunja. Jambo jingine: jana Wilf alisema, bila kuulizwa, kwamba kuku watatu wanne hawamshindi mtu kuwalisha msimu wa baridi, kama mwenyewe angekuwa amesafiri mahali penye joto. Nimekuandikia tu.

Sasa kuna kajambo kadogo. Nakudai.

Msimu mzima wa baridi nilikuburuza kwenda shule na kurudi, kamba begani, na siku ya mwisho, plasta ilipotolewa, uliniambia, "Nestor, na mimi nitakupeleka siku moja." Ulidhani nimesahau. Ile shule bado imesimama, paa limeingia ndani upande mmoja, lakini njia yake ni nzuri. Nipeleke na unirudishe. Siku ile ile utakayofika, kabla ya chai. Nitakaa kiti chako cha zamani. Mbegu za alizeti nimeshanunua, za chumvi, na nitakumiminia kiganjani tukisimama. Amri sitatoa, ingawa nina haki nazo.

Na kwa kuwa riba haikuwekwa, naomba nyongeza ndogo. Njia ya shule inapita kanisani, na siku hizi wanawake wako pale wanakanda pyrohy za sikukuu. Tukifika mlangoni, nisogezee mkono wangu ulipo usukani, nipige honi. Mara moja tu. Safari hii hakuna kijana mwenye tai wa kunishusha.

Kaka yako,
Nestor